Risasi iliyopungukiwa baruti: kuizuia mezani, na kuishughulikia ikishakwama mtutuni

MtutuBaridi (mwanzisha uzi), Jumamosi, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Juma lililopita kijana mmoja aliuliza katika uzi mwingine kwa nini bastola ya mjomba wake "ilikohoa" badala ya kulia, na nusu ya waliomjibu walimshauri avute slaidi (kile kipande cha juu ya bastola kinachorudi nyuma), aitupe hiyo mbovu na aendelee kulenga. Ushauri huo unaweza kumng'oa mtu vidole, na ndiyo maana nimeona suala hili lipewe uzi wake lenyewe.

Nianze na sheria, ili tusije tukapotezana njiani. Kujaza risasi, yaani kujitengenezea risasi mwenyewe mezani, nilijifunza Afrika Kusini, nilikofanya kazi ya ufundi mitambo kwa miaka 11, na huko mwenye leseni ya silaha anaruhusiwa kujijazia zake. Hapa kwetu mambo haya yako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na si jambo la mtu kujifungulia karakana ya risasi sebuleni kwake Sinza. Tangu nirudi Dar es Salaam sijajaza hata moja. Kwa hiyo maneno yangu kuhusu meza ya kujazia ni kwa wenzetu walioko nchi ambazo kazi hiyo ni halali, na yale ya kichwa kukwama mtutuni ni ya kila mwenye leseni, kwa sababu hata risasi ya kiwandani iliyotunzwa vibaya inaweza kufanya vivyo hivyo.

Halafu lugha. Kiswahili chetu kinatumia neno "risasi" kwa metali ile nzito ya betri za gari, kwa kipande kinachoruka, na kwa kitu kizima kinachoingizwa kwenye magazini. Hapa nitasema *risasi* kwa kitu kizima, *kichwa* kwa kile kinachoruka, *ganda* kwa kile kinachobaki, *fataki* kwa kile kiwashio kidogo kilichoko kitakoni mwa ganda, na *baruti* kwa baruti.

Pini inapogonga fataki, fataki hulipuka na kuiwasha baruti, na gesi ya baruti ndiyo inayokisukuma kichwa mpaka nje. Ganda likiwa halina baruti kabisa, au likiwa na kidogo mno, mlipuko wa fataki peke yake unatosha kuking'oa kichwa kwenye ganda na kukipenyeza mwanzoni mwa mtutu, lakini hautoshi kukitoa. Kichwa hubaki humo kimeng'ang'ania mifereji ya mtutu kama kizibo cha chupa. Mpaka hapo hakuna aliyeumia na hakuna kilichoharibika. Madhara yote yako katika risasi inayofuata, kwa sababu kichwa chake kinakuja kwa kasi kamili na kukuta njia imezibwa, shinikizo linapanda ghafla nyuma ya kizuizi, na mtutu unavimba au unapasuka.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba ganda tupu kabisa mara nyingi lina huruma kuliko ganda lenye baruti nusu. Lile tupu huacha kichwa karibu na chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kufyatuliwa, na pengine risasi inayofuata hugoma kuingia vizuri, na slaidi haijifungi. Katika rivolva, bastola ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, kichwa huweza kubaki nusu ndani ya silinda na nusu ndani ya mtutu, silinda ikagoma kuzunguka. Lile lenye baruti kidogo hukisogeza kichwa mbele kiasi cha kuipisha risasi nyingine ikae sawasawa, na silaha inakuwa tayari kufyatua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa yaliyonikuta mimi. Nilikuwa natumia mashine ya mzunguko, ile ambayo kila ukishusha mkono sahani hugeuka hatua moja, ganda moja linapata fataki, la pili linapata baruti, la tatu linapata kichwa, na risasi moja kamili inadondoka kwenye bakuli. Usiku mmoja, nikiwa katikati ya kazi, simu ikaita. Alikuwa mama yangu, anapiga kutoka Dar. Niliuacha mkono wa mashine katikati ya safari, nikaongea robo saa nzima, nikarudi. Sikukumbuka kama ganda la kituo cha baruti lilikuwa limekwisha kupata baruti au bado. Badala ya kuyatoa maganda yote kwenye sahani na kuanza upya, niliigeuza sahani kwa mkono na kuendelea. Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilichukua sekunde mbili.

Jumapili iliyofuata kilabuni, risasi ya tano au ya sita ilitoa mlio mdogo kama soda inayofunguliwa. Bastola haikurusha mkono, slaidi haikurudi nyuma, na moshi mwembamba ulitoka kwenye dirisha la maganda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa tayari umekwenda kugonga magazini na kuvuta slaidi, kama tulivyofundishwa kufanya risasi inapogoma katika mashindano. Msimamizi wa uwanja alipaza sauti, "Simama!", na nikasimama. Tulipoifungua bastola, kichwa kilikuwa kimeingia takriban sentimita 3 ndani ya mtutu. Risasi ya pili ingekaa chembani bila shida yoyote.

Nitaendelea na sababu nyingine baadaye usiku huu. Wenye maswali waulize.

KijanaWaMbezi, saa 3:05 usiku

Shikamoo mzee MtutuBaridi. Nashukuru kwa somo. Mimi nasoma nje na ninajifunza kazi hii katika kilabu cha chuo, nina leseni ya huko na mwalimu. Ninachojiuliza ni hiki: kwa nini mtu asipime tu kila risasi iliyokamilika kwenye mizani? Ile nyepesi kuliko wenzake si ndiyo iliyokosa baruti?

MtutuBaridi, saa 3:32 usiku

Marahaba kijana wangu. Swali lako ni zuri na jibu lake limewadanganya wengi, nami nikiwa mmoja wao.

Chukua risasi ya 9 mm ya kawaida. Vipimo vya kazi hii huhesabiwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Kichwa kina greni 124, ganda na fataki vina karibu greni 60, na baruti, kwa nyingi ya baruti za bastola, ni kati ya greni 4 na 6 hivi. Kitu kizima ni kama gramu 12, na baruti ndani yake ni kama theluthi moja ya gramu. Maganda ya viwanda tofauti hutofautiana uzito kwa greni kadhaa, na vichwa navyo havilingani, hasa vile vya kusubu kwa metali ya risasi. Kwa hiyo ganda zito lisilo na baruti na ganda jepesi lenye baruti kamili vinaweza kusoma namba ile ile kwenye mizani. Ukiwa na maganda ya kiwanda kimoja na fungu moja, mizani itakusaidia kuchambua zile za kutiliwa shaka. Haitakupa ruhusa ya kuiamini risasi yoyote.

Ganda huchunguzwa kabla halijafungwa. Unaweka maganda 50 kwenye kibao chenye matundu, unayaweka kifudifudi mpaka zamu ya kila moja ifike, unalitia baruti na kuliweka wima. Kisha unachukua tochi na kuchungulia kila moja kabla hujaweka hata kichwa kimoja, safu kwa safu, ukilinganisha kina cha baruti. Macho hayaoni tofauti ya nusu greni, lakini huona mara moja ganda tupu, ganda nusu na ganda lililotiwa mara mbili. Hili la mwisho nalo msilisahau, kwa kuwa ugonjwa ni mmoja: aliyepoteza hesabu hajui kama amelinyima ganda baruti au amelirudia.

Kwenye mashine ya mzunguko kuchungulia ni kugumu zaidi, maana ganda linapita mbele yako sekunde chache tu. Nilichofanya mimi ni kufunga taa ndogo juu ya kituo cha kuwekea kichwa, na kujilazimisha kutokiweka kichwa mpaka nimeiona baruti kwa macho. Vipo pia vifaa vya kukaa katikati ya vituo hivyo viwili: watengenezaji wa vifaa vya kujazia RCBS wanacho kinachoifunga mashine isiendelee ganda likiwa pungufu au limezidi sana, na wenzao Dillon wanacho kinacholia kengele. Vifaa hivyo hukamata makosa makubwa, madogo yanapita. Usivinunue ukafumba macho.

Sababu nyingine za upungufu ni hizi ambazo nimeziona au kuzisikia kwa watu ninaowaamini. Mkono wa mashine usiposhushwa hadi mwisho, kipimo cha baruti hakifunguki chote. Baruti ya vipande virefu au vipana huweza kujifunga kwenye shingo ya kipimo, kama mchele mnyevu unaogoma kushuka kwenye faneli. Ganda moja linapata kidogo, na linalofuata, kifundo kikishaachia, linapata kupita kiasi. Kikopo cha baruti kinaweza kuisha bila mtu kugundua, na mtu akaendelea kushusha mkono kwa raha zake. Maganda huoshwa kwa kuzungushwa kwenye chenga za magunzi ya mahindi, na chenga moja ikibaki ndani inakula nafasi ya baruti au inaziba tundu dogo la kupitishia moto wa fataki. Na mafuta: mtu anapaka maganda mafuta ili yapite vizuri kwenye mashine, halafu anashika fataki kwa vidole hivyo hivyo.

Mizani nayo ina visa vyake. Ya umeme husogea taratibu ikipata joto, na hewa ya feni ikiipiga husoma uongo. Ndugu yangu, ukipima baruti zima feni, hata kama unalowa jasho. Kila baada ya maganda 10 rudisha sufuri na upime kwa jiwe la mizani unalolijua uzito wake.

Rivolva38, Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Salaam wakuu. Naomba kuongeza upande wa rivolva, kwa kuwa nina uzoefu nazo kidogo.

Risasi ya .38 Special ilizaliwa mwaka 1898, na ganda lake ni refu na lenye nafasi kubwa, wakati baruti nyingi za kisasa zinazowaka haraka hutumika kwa kiasi kidogo mno. Unatia greni tatu na ushee, unachungulia, unaona baruti imelala chini kabisa kama sukari iliyosalia kwenye kikombe cha chai. Ganda hilo hilo linapokea dozi mbili bila kumwagika. Mwenye 9 mm fupi ana nafuu, maana akichagua baruti yenye ujazo mkubwa, dozi ya pili inafurika na kumwagika mezani. Kwa hiyo kuchagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda ni kinga kabla ya kinga zote.

Sasa nina swali. Mke wangu analenga vizuri lakini hapendi mrusho wa rivolva. Tukiwa nje ya nchi, kuna rafiki alinishauri nipunguze baruti chini ya kiwango cha kuanzia kilichoandikwa kitabuni, ili mrusho uwe laini. Je, hapo ndipo kichwa kinapoweza kukwama?

MtutuBaridi, saa 2:20 asubuhi

Ndiyo, na wengi hukwama hapo kwa hiari yao wenyewe. Jedwali la mtengenezaji wa baruti lina sakafu yake, ambayo ndiyo kiwango cha kuanzia, kama lilivyo na dari yake. Watu wanaiogopa dari peke yake.

Kichwa kilichovikwa shaba kinasuguana na mtutu kuliko kichwa cha metali ya risasi tupu, kwa hiyo kinahitaji msukumo mkubwa zaidi ili kitoke. Rivolva nayo ina mwanya kati ya silinda na mtutu, na sehemu ya gesi inapotelea hapo. Ukikusanya mambo hayo mawili, kichwa cha shaba pamoja na mwanya, halafu ukapunguza baruti, umetengeneza kizibo. Anayetaka mrusho laini atumie kichwa cha metali ya risasi tupu, kwa jedwali lililoandikwa kwa ajili ya kichwa hicho, au achague kichwa chepesi zaidi, asishuke chini ya sakafu.

Na kuna baruti zisizokubali kupunguzwa hata kidogo. Hodgdon, wauzaji wa baruti, wanaonya kwamba dozi za H110 na 296 zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Baruti za namna hiyo huwaka taratibu na zinahitaji shinikizo ili zishike moto sawasawa. Ukizipunguza, zinaweza kuzimika njiani. Ukifungua mtutu baada ya hapo unakuta kichwa kimekwama na nyuma yake kuna bonge la manjano la baruti isiyoungua. Hiyo ndiyo alama ya kutofautisha: ukikuta masizi tu, ganda lilikuwa tupu, ukikuta baruti mbichi, tatizo ni uwakaji au unyevu.

DadaTabata, saa 4:50 asubuhi

Habari zenu. Mimi sijazi risasi na sina nia, ila nina leseni na bastola moja kwa ajili ya usalama wa duka langu la jumla. Risasi zangu ni za kiwandani, zimekaa kabatini mwaka wa nne. Kwa hewa hii ya pwani, ambapo hata chumvi ya mezani inageuka jiwe, niwe na wasiwasi?

MtutuBaridi, saa 5:30 asubuhi

Dada, wasiwasi mdogo wenye kazi. Risasi nzuri ya kiwandani huvumilia miaka mingi ikiwa mahali pakavu na penye ubaridi. Kinachoiharibu ni joto na unyevu vinavyopokezana. Zitie kwenye chombo kinachofunga hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usizipake mafuta ya kuzuia kutu. Mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki. Ukiona ganda lenye kutu ya kijani, au kichwa kinachocheza ukikishika kwa vidole, hiyo usiifyatue, ipeleke kwa muuzaji mwenye leseni au polisi waliokuandikishia silaha. Na ukienda uwanja wa shabaha, zile za kabatini ndizo uzimalize hapo, urudi nyumbani na mpya.

FundiGerezani, saa 7:10 mchana

Wakuu, naomba kusema kama mtu wa chuma. Mimi ni fundi wa mashine ya kukereza, na silaha haiingii kwenye karakana yangu, maana sina leseni hiyo. Lakini nimewahi kumchongea vyombo fundi wa silaha mwenye kibali chake, naye alinionyesha mtutu ulioharibiwa na mtu aliyetaka kutoa kichwa mwenyewe kwa kipande cha nondo. Nondo ni ngumu kuliko unavyodhani na ilikwaruza mifereji yote. Mwingine alitumia mti wa fagio. Mti ulipasuka humo ndani, vipande vikajikaza pembeni mwa kichwa kama kabari, na kila alipogonga ndipo vilipozidi kukaza. Mwingine tena alijaribu kutoboa kwa drili. Huyo sitamzungumzia.

Kinachofaa ni fimbo ya brasi, ile shaba ya njano, kwa kuwa ni laini kuliko mtutu. Iwe nene karibu sawa na tundu, ili isiyumbe wala isipinde, na ncha yake iwe bapa. Kabla ya kugonga unaiingiza taratibu kutoka upande mmoja, unaweka alama kwa kalamu pale mtutu unapoishia, kisha unaiingiza kutoka upande wa pili na kuweka alama tena. Unazilaza juu ya mtutu kwa nje na utajua kichwa kiko wapi na kina urefu gani. Huyo mteja wangu aliniambia kwamba siku moja, kwa kupima hivyo, aligundua kuna vichwa viwili mtutuni, na mwenye silaha alikuwa ameapa kwamba ni kimoja.

MtutuBaridi, saa 8:00 mchana

Fundi, umenitangulia na umesema vizuri kuliko ningesema mimi. Niweke utaratibu wote wa uwanjani, kuanzia mlio ule mdogo.

Mlio ukiwa hafifu, au mrusho ukiwa mdogo, au moshi ukitoka mahali pasipo pake, au tundu lisipoonekana kwenye shabaha, kidole kinatoka kwenye kifyatulio. Mtutu unabaki umeelekea mbele kwenye tuta la kuzuia risasi. Unasubiri nusu dakika, wengine hufundisha dakika nzima, kwa sababu mara chache baruti huchelewa kushika moto na risasi hulia baadaye. Kisha unatoa magazini, unafungua slaidi na kuifunga wazi, unahakikisha chemba haina kitu. Usichungulie kutoka mbele ya mtutu hata kama umejiridhisha kwamba silaha ni tupu. Bastola nyingi za kisasa hufunguka kwa dakika moja. Toa mtutu wenyewe, ushike mkononi, uelekeze kwenye mwanga, uangalie kutoka upande wa chemba. Mwanga usipopita, umelijua tatizo lako.

Rivolva ambayo silinda imegoma ni kesi nyingine, kwa kuwa ndani yake bado kuna risasi nzima ambazo huwezi kuzitoa. Usilazimishe silinda kwa nguvu. Iache imeelekea kwenye tuta na umwite msimamizi au fundi mwenye leseni. Yeye ndiye atakayekisukuma kichwa kirudi nyuma kutoka mdomo wa mtutu, mpaka silinda iachie.

Kwa mtutu uliokwisha kutolewa, matone ya mafuta ya kupenyeza pande zote mbili, usubiri, kisha fimbo ya Fundi na nyundo ndogo, mapigo mafupi. Kichwa kilichokwama karibu na chemba hurudishwa nyuma, maana hiyo ndiyo njia fupi. Na kile wanachofikiria wengine, kwamba unaweza kukitoa kwa kufyatua risasi isiyo na kichwa, kiondoeni akilini.

Rivolva38, saa 8:25 mchana

Hilo la mwisho lina mfano ambao sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Magomeni tunaukumbuka, ingawa wengi wetu hatukuelewa kilichotokea. Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alikufa tarehe 31 Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, akiwa na miaka 28, wakati wa kupiga picha za filamu. Walikuwa wametengeneza risasi za maonyesho kwa kutoa baruti lakini wakaacha fataki hai. Fataki moja ikafyatuka, kichwa kikaingia mtutuni mwa rivolva ya .44 na hakuna aliyeukagua. Baadaye silaha ile ile ikawekwa risasi ya mlio tupu, yenye baruti isiyo na kichwa, na baruti hiyo ikakitoa kichwa kilichokwama kikampiga tumboni. Mtaani tulisimuliana kwamba ni laana ya ukoo.

KijanaWaMbezi, saa 9:40 alasiri

Nimesikitika kusoma hilo. Maswali mawili ya mwisho, mzee. Risasi nyingine za fungu lile ulizifanya nini? Na mtu ajuaje kama mtutu umeharibika, endapo risasi ya pili ilikwisha kufyatuliwa?

MtutuBaridi, saa 11:15 jioni

Nianze na la pili. Mtutu uliovimba huonyesha pete nyeusi ndani ukiuelekeza kwenye mwanga, kama kivuli kilichozunguka. Ukipitisha kitambaa kikavu kwenye fimbo ya kusafishia, utahisi kinakaza, kisha mahali pamoja kinalegea ghafla, kisha kinakaza tena. Mara nyingine uvimbe unaonekana hata kwa nje, au slaidi inakwama haipiti juu ya mtutu. Mtutu wa namna hiyo hautengenezwi, unabadilishwa, na fremu nayo ikaguliwe nyufa na fundi mwenye leseni.

Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa vitendo, msimamizi akishuku kwamba risasi imekwama ana mamlaka ya kukusimamisha papo hapo. Silaha ikikutwa safi, unarudia zoezi lako; ikikutwa na tatizo, hurudii, unahesabiwa ulipoishia. Wapo wanaomnunia msimamizi kwa sababu ya pointi. Mimi yule wa kwetu nilimnunulia chakula cha mchana.

Kuhusu fungu lile: kila boksi langu lilikuwa na karatasi ya tarehe, jina la baruti, dozi na aina ya fataki, kwa hiyo nilijua ni zipi zilizojazwa usiku ule wa simu. Zilibaki 187. Nilizitenga siku hiyo hiyo na nikaandika "ZISITUMIKE" kwa kalamu nyekundu. Kwanza nilizipima kwenye mizani, kama unavyoshauri wewe, na nikachagua 9 zilizoonekana nyepesi. Halafu nikazifungua zote, moja baada ya nyingine, kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, ambayo unaigonga kwenye gogo na kichwa kinachomoka kwa mshtuko. Ilinichukua jioni tatu. Zile 9 zote zilikuwa na baruti kamili. Maganda yake tu ndiyo yalikuwa mepesi. Moja iliyokuwa na baruti chini ya nusu ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mizani ilizipitisha.

Vichwa na maganda nilivitumia tena. Baruti sikuirudisha kwenye kopo, maana sikuwa na hakika tena ilikuwa imechanganyika na nini.

DadaTabata, saa 12:05 jioni

Ahsante sana kaka. Nimezihesabu za kabatini, nimekuta mbili zina kutu ya kijani karibu na fataki. Kesho asubuhi nazipeleka kituoni kabla sijafungua duka.

Rivolva38, saa 12:30 jioni

Fundi, fimbo ya brasi ya kuingia kwenye mtutu wa .38 na wa 9 mm uliichonga milimita ngapi?

FundiGerezani, saa 1:10 usiku

Milimita 8, kaka, inaingia yote miwili. Urefu sentimita 25, ncha bapa, kingo zimelainishwa kwa msasa. Brasi yenyewe imepanda bei, kwa hiyo pitia na kipande chako kama unacho, nitakutoza kukereza tu.

Rivolva38, saa 1:14 usiku

Nakuja Jumatatu. Nichongee mbili, moja ni ya kilabu.